Imezimwa, Imezimika, Imetengwa: Kiswahili cha Viwango vya Usalama wa Vidhibiti vya Mota katika Mazingira ya Nyasubi, Kahama

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna viwango vya usalama wa vidhibiti vya mota za umeme wa volteji ndogo vinavyoweza kusemwa kwa Kiswahili, na mahali ambapo usemaji huo hukwama. Mazingira yanayorejelewa ni Nyasubi, kata mojawapo ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga, pamoja na ukanda wa mpunga na dhahabu unaoizunguka. Hoja kuu ni kwamba upungufu uliopo si wa nomino. Majina ya vifaa yamekwishapatikana karakanani na yanaeleweka. Kinachokosekana ni vitenzi vilivyofafanuliwa kwa pamoja, na sentensi zinazoweza kubeba masharti ya kiwango bila kuyapotosha. Makala yanachunguza vinyambuo vya kitenzi, utata wa neno "shoti", utendwa usio na mtenda katika neno "imethibitishwa", na namna Kiswahili kinavyoonyesha wajibu na ruhusa katika matini ya kiufundi.

Utangulizi

Kahama ni mji wa njiapanda. Barabara inayotoka Isaka kuelekea mpaka wa Rwanda hupita humo, mgodi wa Buzwagi ulichimbwa karibu na mji tangu mwaka 2009 hadi shughuli zake za uchimbaji zilipofikia ukomo, na mpunga wa mashamba ya Kahama hukobolewa kwa wingi Kagongwa na katika mashine nyingine za eneo hilo. Nyuma ya shughuli hizi kuna kifaa kimoja ambacho wanaisimu hawakukitilia maanani: sanduku la chuma lililotundikwa ukutani, lenye kitufe cha kijani na kitufe chekundu, ambalo huwasha na kuzima mota. Mota ya kinu cha kusaga, ya mashine ya kukobolea mpunga, ya pampu inayotoa maji katika duara la mchimbaji mdogo, na ya karasha linalovunja mawe ya dhahabu, zote hutawaliwa na sanduku la namna hiyo.

Sanduku hilo lina kiwango chake. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, imelitolea mfululizo wa viwango wenye namba 60947. Sehemu ya 1 ina kanuni za jumla, Sehemu ya 2 inahusu breka, na Sehemu ya 4-1 inahusu kontakta na stata za mota. Mfululizo huu unahusu vifaa visivyozidi volti 1000 za mkondo geu au volti 1500 za mkondo mnyoofu. Hapa msomaji wa Kiswahili hukutana na mtego wa kwanza. Kinachoitwa "volteji ndogo" katika kiwango ni pamoja na volti 400 za umeme wa njia tatu, ambao katika mazungumzo ya kila siku ndio "umeme mkubwa". Kivumishi "ndogo" kinalinganisha volteji hiyo na nyaya za maelfu ya volti zinazopita juu ya nguzo. Hakisemi lolote kuhusu hatari yake kwa mwili wa binadamu. Fundi anayesoma "volteji ndogo" kwa maana ya kawaida ya Kiswahili atakuwa ameelewa maneno na kukosa maana.

Si bahati mbaya kwamba jambo hili linawahusu wanaisimu. IEC yenyewe ilianzishwa mwaka 1906 jijini London, Lord Kelvin akiwa rais wake wa kwanza, kufuatia azimio la kongamano la umeme lililofanyika St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Azimio hilo lilitaka kusanifishwa kwa majina na viwango vya uwezo vya mitambo ya umeme. Majina yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe tangu mwanzo, na mwaka 1938 tume hiyo ilitoa toleo la kwanza la msamiati wake wa kimataifa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na ambalo sasa linaongozwa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, lina jukumu sawa katika bidhaa na lile ambalo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, linalo katika lugha. Yote mawili husanifisha. Hata hivyo, matini za viwango vya umeme na matini za istilahi za Kiswahili zimeendelea kuishi katika nyumba mbili tofauti.

Majina yaliyokwishapatikana

Kazi ya kuunda istilahi za ufundi ina historia nchini Tanzania. Rajmund Ohly aliandaa kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1987 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 1992 Tumbo-Masabo na Mwansoko walitoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili. Juhudi hizi zilielekezwa zaidi kwenye nomino, na kwa sababu nzuri: kamusi hupangwa kwa vidahizo, na dhana za kisayansi hufundishwa kwa majina.

Karakana nayo haikusubiri kamusi. Mafundi husema mota, swichi, stata, kontakta, ovalodi, fyuzi, breka, rilei, koili, fezi na nyutro. Maneno haya yametoholewa kwa kufuata kanuni zinazojulikana: silabi wazi mwishoni, irabu inayochaguliwa kwa kuathiriwa na konsonanti iliyotangulia, na upatanisho wa ngeli ya I-ZI katika umoja ("kontakta imeungua"), huku umbo la wingi lenye ma- likijitokeza katika mazungumzo ("makontakta", "mabreka"). Kuyaondoa maneno haya na kuweka mengine ya Kibantu kungekuwa hasara. "Kiunganishi", kwa mfano, kingefaa kwa kontakta kwa mujibu wa kazi yake, lakini tayari ni istilahi ya sarufi na pia hutumika kwa kifaa cha kuungia nyaya. "Kitengo", ambacho kimaumbo kingeweza kutokana na kutenga, kimekwishachukuliwa na ofisi.

Hata hivyo, jina moja katika orodha hiyo linahitaji tahadhari. "Ovalodi" ni jina la kifaa kinacholinda mota dhidi ya mkondo uliozidi, lakini kwa asili yake ni jina la hatari yenyewe, yaani mzigo uliozidi. Kifaa kimepewa jina la kile kinachokizuia. Matokeo yake ni kwamba sentensi "ondoa ovalodi" ina maana mbili zinazopingana: punguza mzigo unaoielemea mota, au ng'oa kifaa kinachoilinda. Ya kwanza ni ushauri wa usalama. Ya pili ni ukiukaji wa kiwango. Katika mazungumzo ya ana kwa ana muktadha huondoa utata. Katika maelekezo yaliyoandikwa na kubandikwa ukutani, hakuna wa kuulizwa. "Rilei ya ovalodi" kwa kifaa na "mzigo uliozidi" kwa hali ni suluhisho dogo lisilohitaji neno jipya hata moja.

Suala hili si la kinadharia tu. Mota ya kilowati 22 kwenye umeme wa volti 400 huvuta takribani ampea 41 inapobeba mzigo wake kamili, na wakati wa kuanza huvuta mara sita hadi nane ya kiasi hicho. Kiwango cha IEC huzigawa rilei za ovalodi katika madaraja kwa kuzingatia muda zinaostahimili mkondo huo. Katika mara 7.2 ya mkondo uliowekwa, rilei ya daraja la 10 hutakiwa kukata baada ya sekunde 4 na kabla ya kupita sekunde 10. Ya daraja la 20, kati ya sekunde 6 na 20. Karasha lenye gurudumu zito huchelewa kushika kasi. Likifungwa rilei ya daraja la 10, litakatwa kila linapowashwa, na mwenye mashine ataona kwamba kifaa "kinasumbua". Hapo ndipo amri ya kukiondoa hutolewa. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa cha daraja lisilofaa. Taarifa hiyo imeandikwa kwenye ubavu wa kifaa kwa namba moja ambayo hakuna sentensi ya Kiswahili inayoifafanua.

Stata ya staa-delta ina jambo jingine la namna hiyo. Rilei ikiwekwa kwenye tawi la koili badala ya laini kuu, mkondo unaopita ndani yake ni takribani asilimia 58 tu ya mkondo wa laini. Kwa mota iliyotajwa, rilei hutakiwa kuwekwa kwenye ampea 24. Fundi akisoma 41 kwenye bamba la mota na kuweka 41, ulinzi umeondoka ingawa kifaa kipo, kimefungwa vizuri na kina alama zote.

Vinyambuo na mkono wa mwendesha mashine

Ikiwa nomino zimejitosheleza kwa kiasi kikubwa, vitenzi havijafika hapo. Katika mazungumzo, kitenzi "kukata" hubeba karibu kila kitu: umeme umekatika (Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, halina umeme kwenye laini), breka imekata (imejifungua yenyewe), fundi amekata umeme (amezima swichi), na hata waya umekatika. Viwango hutofautisha vitendo hivi kwa ukali, kwa sababu kila kimoja kinamwacha mfanyakazi katika hali tofauti ya hatari.

Jambo la kufurahisha ni kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kufanya utofautishaji huo bila kukopa. Chukua kitenzi "kuzima". Mota inayoendeshwa na swichi ya mkono husimama umeme unapokatika mtaani. Mashine imezimika: kauli ya kutendeka, isiyo na mtenda, inayoeleza hali tu. Swichi bado imewashwa. Umeme ukirudi, mota itaanza kuzunguka bila mtu kuigusa, na mkono uliokuwa ukitoa pumba au jiwe lililokwama utakuwa ndani. Mtu akibonyeza kitufe chekundu, mashine imezimwa: kauli ya kutendwa, yenye mtenda hata kama hatajwi. Tofauti kati ya -ik- na -w- hapa si ya mtindo. Ndiyo tofauti ambayo kiwango cha IEC 60204-1, kinachohusu usalama wa vifaa vya umeme vya mashine, hukusudia kinapotaka mashine isijiwashe yenyewe pale ambapo kurejea kwa umeme kunaweza kuleta hatari.

Stata yenye kontakta na vitufe viwili hutimiza sharti hilo kwa maumbile yake. Koili ya kontakta hushikilia pointi kwa nguvu ya umeme uleule. Umeme ukiondoka, pointi huachana, na umeme ukirudi hubaki zimeachana mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Kwa maneno mengine, kontakta hugeuza kila kuzimika kuwa kuzimwa. Swichi ya mkono ya staa-delta isiyo na koili ya kuiachia umeme unapokosekana haifanyi hivyo. Pia kontakta iliyokwamishwa kwa kijiti ili isiachie hairudishwi tu kuwa swichi ya kawaida, bali inakuwa swichi ambayo kitufe chake chekundu hakifanyi kazi.

Utofauti wa pili ni kati ya kuzima na kutenga. Kontakta iliyozimwa kwa kawaida haihesabiwi kuwa imetenga sakiti. Kutenga, kwa maana ya kiwango, ni kufungua sakiti kwa kifaa kilichopimwa mahususi kwa kazi hiyo, chenye mwachano wa pointi unaostahimili volteji iliyowekwa na mkono unaoonyesha kwa uhakika hali ya pointi. Kwa hiyo kitufe cha dharura husimamisha mashine, lakini hakimpi fundi ruhusa ya kufungua mfuniko na kushika nyaya. Kiswahili kinacho kitenzi "kutenga" kwa maana iliyo karibu sana na hiyo: kuweka kando, kutoruhusu kukaribiana. Kukitumia kwa maana moja tu katika matini za umeme kungetosha.

Utofauti wa tatu unahusu kile ambacho mafundi hukiita "kutripu". Utohozi huu unaeleweka, lakini lugha ina kitenzi kilicho bora zaidi: kufyatuka. Breka hufanya kazi kama mtego. Springi hukazwa wakati wa kuwasha, kilango kidogo huishikilia, na mkondo ukizidi kilango huachia. Mtego hufyatuka, hautegwi tena wenyewe. Ukishafyatuka hutakiwa kutegwa upya kwa mkono, na anayeutega hutakiwa kwanza kujua kilichoufyatua. Jozi ya "kufyatuka" na "kutega" inabeba utaratibu mzima ambao "kutripu" na "kurisiti" huuficha. Inafaa kukiri kwamba mazoea ya karakana ni mazito na huenda "kutripu" likabaki mdomoni. Matini iliyoandikwa, hata hivyo, hailazimiki kufuata kila kinachosemwa.

Shoti na hitilafu

Neno "shoti" lina matatizo ya aina nyingine. Hutumika kwa sakiti fupi, yaani fezi kugusana na fezi au nyutro, na hutumika pia kwa mtu kupigwa na umeme: "amepigwa shoti". Haya ni matukio mawili yenye kinga tofauti kabisa. Fyuzi au breka ya kawaida hulinda nyaya na mota dhidi ya maelfu ya ampea za sakiti fupi. Haimlindi mtu, kwa sababu mkondo mdogo sana, wa sehemu za elfu za ampea, unaweza kumwua kabla breka ya ampea 40 haijahisi chochote. Mtu huyo hulindwa na kutuliza mwili wa mashine kwenye ardhi, na kifaa cha kuhisi mkondo unaovuja. Mwenye kinu anayeambiwa kwamba breka mpya "inazuia shoti" ameahidiwa mambo mawili na kuuziwa moja. Neno "hitilafu ya umeme", linalozoeleka katika taarifa za moto, ni pana zaidi hata ya shoti, na kwa hiyo linaeleza kidogo zaidi.

Imethibitishwa na nani

Uthibitishaji ni kitendo cha lugha. Alama iliyochapwa kwenye kontakta ni kauli iliyofupishwa, na kauli yoyote ina msemaji. Herufi CE zinazoonekana kwenye vifaa vinavyouzwa Afrika Mashariki ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa inatimiza matakwa ya Umoja wa Ulaya. Kwa vifaa vya volteji ndogo, sheria za umoja huo hazimlazimishi kupimiwa na chombo huru. Alama ya UL ya Marekani hutolewa na chombo cha nje baada ya kupima sampuli na kukagua kiwanda mara kwa mara. Alama ya ubora ya TBS hutolewa na shirika la umma kwa leseni, na bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zimekuwa pia na utaratibu, ulioanza mwaka 2012, wa kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa.

Wasemaji hawa watatu wako katika nafasi tofauti, lakini Kiswahili cha dukani huwaunganisha katika neno moja: "imethibitishwa". Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda kuachwa, na hapa kuachwa kwake kunafuta habari muhimu kuliko zote. Mtengenezaji anayejithibitisha na chombo kinachomthibitisha mwingine huonekana sawa. Kiswahili kinacho kiambishi cha kujirejea, na "imejithibitisha" ingesema ukweli kuhusu alama nyingi, ingawa hakuna muuzaji anayetarajiwa kuitumia.

Neno "ubora" nalo lina lake. Katika matumizi ya kawaida ubora ni sifa ya kitu chenyewe: kizuri, kinadumu. Kiwango hakisemi hivyo. Kinasema kwamba kifaa kinalingana na masharti fulani kwa matumizi fulani. Kontakta moja inaweza kuwa na ampea 40 katika kundi la matumizi la AC-1, ambalo ni la mizigo isiyo na msukumo mkubwa kama vile majiko ya umeme, na ampea chache zaidi katika AC-3, ambalo ni la mota za kawaida zinazowashwa na kuzimwa zikiwa katika kasi. Katika AC-4, la mota zinazoanzishwa na kusimamishwa kwa kugutuka mara kwa mara, uwezo hupungua tena. Namba kubwa ndiyo huchapwa kwa herufi kubwa. Mnunuzi anayetafuta ubora huona 40. Karasha lake linahitaji kujua namba ya tatu. Istilahi "ulinganifu" ina faida ya kisarufi hapa: hudai kijalizo. Kitu hakiwezi kuwa na ulinganifu bila kuwa na ulinganifu na jambo fulani, na swali "na nini?" hujitokeza lenyewe.

Wajibu, ruhusa na kiambishi -ta-

Miongozo ya uandishi ya IEC hutenga vitenzi visaidizi vinne vya Kiingereza kwa kazi nne: sharti, pendekezo, ruhusa na uwezekano. Mtafsiri wa Kiswahili hukumbana na matatizo mawili. La kwanza ni mapokeo ya sheria. Sheria za Tanzania huonyesha wajibu kwa kiambishi cha wakati ujao: mwajiri "atahakikisha", Waziri "atateua". Mwanasheria anasoma amri. Fundi anaweza kusoma utabiri. Sentensi "ovalodi itakata mota ikizidiwa" katika matini ya kiwango inaweza kuwa sharti kwa mtengenezaji au maelezo ya namna kifaa kinavyofanya kazi, na mhakiki hawezi kujua ni ipi. La pili ni kitenzi "kuweza", kinachobeba ruhusa na uwezo kwa pamoja. "Kifuniko kinaweza kufunguliwa bila zana" ni idhini au ni kasoro inayoripotiwa?

Suala hili limepata uzito tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria nchini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, ambazo zinamgusa kila mwenye kinu, zinahusika na mabadiliko hayo. Kiwango si sheria. Hupata nguvu ya sheria kinapotangazwa kuwa cha lazima, na wakati huo matini yake ya Kiingereza huanza kumwajibisha mtu ambaye hakukusudiwa kuisoma. Inapendekezwa kwamba matini za kiufundi ziache -ta- kwa wakati ujao pekee, zitumie "ni lazima" na "ni marufuku" kwa sharti, "inashauriwa" kwa pendekezo, "inaruhusiwa" kwa ruhusa, na kukiacha kitenzi "kuweza" kwa uwezo tu. Mpangilio huu haupendezi sana masikioni, na urudiaji wake ungefutwa na mhariri wa insha. Katika kiwango, urudiaji ndio unaomhakikishia msomaji kwamba neno lilelile lina maana ileile.

Kutafsiri mfululizo mzima wa 60947 si kazi ya kuanzia. Matini iliyo karibu zaidi na hatari ni kipande cha karatasi kinachoweza kubandikwa ndani ya mfuniko wa stata, chenye sentensi zisizozidi tano: "Mashine ikizimika umeme unapokatika, ni lazima izimwe kabla ya kuguswa. Kitufe chekundu huzima, hakitengi. Ni lazima sakiti itengwe kwa swichi kuu na kufungwa kwa kufuli kabla ya mfuniko huu kufunguliwa. Rilei ikifyatuka, ni marufuku kuitega tena kabla ya kujua kilichoifyatua. Ni marufuku kuunga mota bila kupitia rilei ya ovalodi." Maneno hayo yote yapo katika Kiswahili cha Kahama. Wanaoweza kuyapima ni wanafunzi wa umeme wa vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, pamoja na waendesha mashine wenyewe, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa kama lugha ya kwanza. Kipimo kinachofaa ni kumwuliza kila msomaji, baada ya sentensi ya kwanza, kama mashine iliyosimama mbele yake imezimwa au imezimika.